Jiwe Jeusi Lenye Mifereji

1. Gunia la mgeni

Siku moja ya kiangazi mgeni mmoja alifika Lusangi akisukuma baiskeli yake. Juu ya baiskeli palikuwa na gunia dogo, lakini zito, limefungwa kwa kamba ya mpira. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mto Luama, akielekea Kasongo. Jua lilikuwa kali, na gurudumu la nyuma lilikuwa limepasuka. Akaomba maji na kivuli kwa mkulima mmoja, naye akakaribishwa vizuri, kama ilivyo desturi.

Walipokwisha kula, mgeni akafungua gunia. Ndani mlikuwa na mawe meusi yenye kung'aa. Akasema, "Ndugu yangu, hii ni kasiteriti, jiwe la bati. Ni kilo 25. Mimi nimechoka, na njia imenishinda. Nipe mbuzi wako watatu, nawe ulichukue gunia hili ukaliuze Kasongo. Utapata faida kubwa."

Mwenye nyumba akayatazama mawe. Kweli yalikuwa meusi, kweli yaling'aa. Lakini mbuzi wale watatu ndio waliokuwa akiba yake yote. Aliwaweka kwa ajili ya binti yake mkubwa, apate kuingia shule ya sekondari mwaka ule. Akawaza moyoni, "Nikipata faida, hata mdogo wake atasoma. Nikipata hasara, hata huyu mkubwa hatasoma." Basi akamjibu mgeni, "Lala kwanza. Kesho jioni nitakupa jibu."

Mwanawe wa kiume, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa akisikia maneno hayo. Akasema kwa adabu, "Baba, naomba jiwe moja nimwonyeshe Mwalimu."

Baba akamwambia, "Chukua. Lakini usiseme neno baya juu ya mgeni. Hatujui bado."

2. Macho peke yake hayatoshi

Asubuhi Mwalimu alilipokea jiwe, akaligeuza mkononi, wala hakusema jina lake. Akatoa sanduku la mawe ya shule, akayapanga mawe mengine meusi juu ya meza. Akauliza, "Je, ninyi, kasiteriti ni lipi?"

Wengine wakaonyesha hili, wengine lile. Kila mtoto alichagua lake. Darasa zima likacheka.

Mwalimu akasema, "Mmeona? Makaa ni meusi. Ulanga mweusi ni mweusi. Jiwe la sumaku ni jeusi. Koltani ni nyeusi, na kasiteriti mara nyingi ni nyeusi au ya kahawia. Rangi ni kama nguo. Watu wengi huvaa nguo za rangi moja, wala si ndugu. Ukitaka kumjua mtu, chunguza tabia yake. Na jiwe nalo lina tabia zake. Leo tutaliuliza jiwe hili maswali sita, nalo litatujibu lenyewe."

3. Maswali sita

Swali la kwanza: Una umbo gani?

Jiwe la mgeni lilikuwa refu kama kipande cha kalamu nene. Ubavuni mwake palikuwa na mifereji midogo iliyonyoka, imetoka ncha moja mpaka ncha ya pili, kama mistari ya daftari. Mwalimu akawaonyesha mahali lilipovunjika. Uso ule ulikuwa na pembe tatu, lakini pande zake zimevimba kidogo kwa nje. Kasiteriti ya shule haikuwa hivyo. Ilikuwa fupi na nene, tena haina mifereji mirefu ile.

Swali hili ni zuri, lakini lina udhaifu. Mawe yakikaa mtoni muda mrefu, maji huyaviringisha na kuyasugua mpaka umbo lote linapotea. Ndiyo sababu tusiishie hapa.

Swali la pili: Wavunjikaje?

Ulanga hubanduka kwa vipande vyembamba, kama kurasa za kitabu. Jiwe la mgeni halikubanduka. Mwalimu alilifunika kwa kitambaa, ili vipande visiruke machoni, akaligonga kwa nyundo. Likavunjika ovyo, bila uso ulionyoka, kama makaa yanavyovunjika. Basi halikuwa ulanga.

Swali la tatu: U mgumu kiasi gani?

Mtoto mmoja akajaribu kulikwaruza kwa ncha ya kisu. Pakabaki mstari wa kijivu. Watoto wakasema, "Limekwaruzika!" Mwalimu akapitisha kidole kilicholowa maji juu ya mstari ule, nao ukafutika. Kumbe jiwe halikukwaruzika hata kidogo. Kisu ndicho kilichoacha chuma chake juu ya jiwe. Kisha wakalisugua jiwe juu ya kipande cha chupa, nalo likakata kioo.

Wataalamu wa mawe hupima ugumu kwa namba kutoka 1 mpaka 10. Ukucha wa mtu ni 2 na nusu, kisu ni 5 na nusu hivi, na almasi ni 10. Jiwe la mgeni lina ugumu wa 7 au zaidi kidogo. Lakini kasiteriti nayo ina ugumu wa 6 mpaka 7, nayo hukata kioo. Basi kwa swali hili mawe haya mawili yanafanana. Mtu akikuambia, "Limekata chupa, basi ni kasiteriti," usimsadiki upesi.

Swali la nne: Unga wako una rangi gani?

Mwalimu akageuza kikombe cha kauri. Chini yake, kwenye ukingo unaokaa mezani, pana mahali pasipong'aa. Akasugua hapo kila jiwe. Jiwe la sumaku likaacha mstari mweusi. Koltani ikaacha mstari wa kahawia nzito, karibu nyeusi. Jiwe la mgeni likaacha unga mweupe wenye ukijivu kidogo. Kasiteriti nayo ikaacha unga hafifu, mweupe au wa kahawia nyepesi.

Basi jiwe la mgeni halikuwa koltani wala jiwe la sumaku. Lakini swali hili nalo halikulitenga sawasawa na kasiteriti.

Swali la tano: Wavutwa na sumaku?

Jiwe la sumaku liliiruka sumaku mara moja. Jiwe la mgeni lilitulia tu, kama halina habari. Baadaye tutaona kwamba jambo hili ni la ajabu, maana ndani ya jiwe lile kuna chuma.

Swali la sita: Una uzito gani kwa ukubwa wako?

Hili ndilo swali kubwa. Ndilo linalomaliza ugomvi.

Mwalimu aliazima mizani ndogo ya zahanati. Jiwe la mgeni lilikuwa na gramu 93. Kisha akajaza kikombe maji mpaka ukingoni kabisa, akakiweka ndani ya sahani kavu, akalishusha jiwe ndani kwa uzi, polepole. Maji yakamwagika katika sahani. Akayavuta maji yale kwa bomba jipya la sindano, bila sindano yenyewe, akahesabu mililita 30.

Watoto wakafanya hesabu ubaoni: 93 ukigawanya kwa 30 wapata 3,1. Maana yake, jiwe lile ni zito mara 3 na kidogo kuliko maji ya ukubwa ule ule.

Wakafanya vile vile kwa kasiteriti ya shule. Ilikuwa na gramu 84, nayo ilimwaga mililita 12 tu. Basi 84 ukigawanya kwa 12 wapata 7.

Darasa likanyamaza. Tatu na kidogo si saba. Jiwe la mgeni halikuwa kasiteriti.

4. Jina lake na asili yake

Sasa Mwalimu akataja jina. Jiwe hilo ni turmalini nyeusi. Limo katika jamaa kubwa ya mawe yanayoitwa silikati, yaani madini ambayo msingi wake ni silikoni na oksijeni. Jamaa hii ndiyo inayojenga sehemu kubwa ya miamba ya dunia. Ulanga mweusi nao ni silikati yenye chuma.

Ndani ya turmalini nyeusi mna silikoni, oksijeni, alumini, chuma, sodiamu, hidrojeni, na kitu kingine kiitwacho boroni. Turmalini nyeusi iliyo safi, katika kilo 1, ina karibu gramu 160 za chuma. Chuma hicho ndicho kinacholipa weusi wake. Turmalini zisizo na chuma kingi huweza kuwa za kijani, za waridi, au hata zisizo na rangi. Na zile nzuri huchongwa kuwa vito vya pete.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, kama lina chuma, mbona sumaku haikulivuta? Na mhunzi hawezi kulifanya jembe?"

Mwalimu akajibu, "Umeuliza vema, mwanangu. Chumvi ikiisha kuingia katika mchuzi, je, waweza kuiokota kwa vidole? Chumvi imo, ulimi waijua, lakini huipati. Na chuma cha turmalini kimefungwa pamoja na silikoni na boroni, kwa nguvu kuliko chumvi katika mchuzi. Hakikusanyiki pamoja kama katika jiwe la sumaku, ndiyo sababu sumaku yetu ndogo haiwezi kulivuta. Na mhunzi akilitia motoni, hatapata jembe. Wahunzi wa zamani walijua sana kuchagua mawe yao. Walitafuta mawe mekundu au ya kahawia yenye chuma kinachotengana na jiwe kwa moto wa makaa."

5. Kwa nini watu hukosea

Nchi ya Maniema inajulikana kwa kasiteriti tangu zamani. Mwaka 1932 iliundwa kampuni ya Symetain, ikachimba kasiteriti huko Kalima na Punia. Mwaka 1976 kampuni mbalimbali za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa kampuni moja, jina lake Sominki. Mwaka 1985 bei ya bati duniani ilianguka sana, na kazi za kampuni zikadhoofika. Siku hizi watu wengi huchimba wenyewe kwa jembe, sururu na karai.

Kasiteriti ina thamani kwa sababu ya bati lililomo. Kilo 1 ya kasiteriti safi ina gramu 788 za bati. Bati hilo si mabati ya kuezekea nyumba. Mabati ya nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Bati la kweli ni metali nyeupe, laini, iyeyukayo upesi. Hupakwa ndani ya makopo ya vyakula, nalo huunganisha nyaya ndani ya redio na simu.

Kwa nini basi turmalini huingia katika gunia la kasiteriti? Kwa sababu mara nyingi mawe haya huzaliwa jirani. Zamani sana, chini kabisa ya ardhi, mwamba wa moto ulikuwa ukipoa. Maji ya moto yakatoka humo, yamebeba vitu vingi vilivyoyeyuka, pamoja na boroni na bati. Yakapita katika nyufa za miamba. Yalipopoa, boroni ikasaidia kufanya turmalini, na bati likafanya kasiteriti. Kando yao likakaa jiwe jeupe gumu liitwalo kwatsi.

Hata Ulaya ilikuwa hivyo. Katika nchi ya Saxony, huko Ujerumani, kuna kijiji kiitwacho Zschorlau. Karibu nacho palikuwa na machimbo ya bati, na wachimbaji walikuta humo jiwe jeusi lisilo bati. Jina la kale la kijiji kile ndilo wataalamu wanaloita turmalini nyeusi mpaka leo: schorl. Watu wa kule walisumbuka na jiwe hili zaidi ya miaka 600 iliyopita. Basi mtu wa Maniema akidanganyika nalo, asione haya. Aone haya akikataa kujifunza.

Tena turmalini si jiwe la kudharau. Mwanzo wa karne ya 18 Waholanzi waliileta Ulaya kutoka kisiwa cha Seilon, kiitwacho sasa Sri Lanka. Wakaona kwamba ikipashwa moto huvuta majivu mepesi, wakaiita mvuta-majivu. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba turmalini na kwatsi zikibanwa kwa nguvu hutoa umeme kidogo.

6. Hukumu ya karai

Mtoto alitaka kukimbia nyumbani kumwambia baba yake, "Mgeni ni mwongo!" Mwalimu akamshika bega. "Ngoja. Umepima jiwe moja tu. Jiwe moja haliwezi kutoa ushahidi juu ya gunia zima. Tena, Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia mtu uongo. Huenda mgeni naye hajui."

Jioni Mwalimu akaenda nyumbani kwao. Akamsalimu mwenye nyumba, akamsalimu na mgeni, akasema, "Wazee wangu, mkiniruhusu, tuyaoshe mawe haya pamoja, sisi sote tukitazama."

Wakayaponda mawe makubwa, wakayatia katika karai kidogo kidogo pamoja na maji, wakaanza kuzungusha. Ndani ya maji kila jiwe hupungukiwa uzito. Kwatsi, iliyo nzito mara 2,65 kuliko maji, hubaki na 1,65 tu. Turmalini yenye 3,1 hubaki na 2,1. Lakini kasiteriti yenye 7 hubaki na 6. Kwa hiyo maji yakizungushwa huichukua kwatsi upesi, na turmalini nayo hufuata, lakini kasiteriti hukaa chini, haitaki kuondoka.

Walifanya kazi ile mpaka giza likaingia. Mwisho wakapima kilichobaki chini ya karai. Katika kilo 25, kasiteriti ilikuwa kilo 2 na nusu tu. Nyingine yote ilikuwa turmalini.

Mgeni akaketi chini. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nililinunua gunia hili kwa mpunga wangu wote wa msimu. Mimi nami niliambiwa ni kasiteriti. Nimelisukuma siku nne."

Mwenye nyumba hakumcheka. Alimwambia mkewe aongeze chakula. Kesho yake akamsaidia kuziba gurudumu, akampa na mchele wa njiani. Mbuzi watatu walibaki zizini. Mgeni akaenda Kasongo na mfuko mdogo wa kasiteriti ya kweli. Turmalini ile aliimwaga kando ya njia, kusudi asimwuzie mtu mwingine kosa lile lile.

7. Mafundisho

Wenye kununua mawe huwa na njia nyingine ya kuijua kasiteriti. Huiweka juu ya zinki, huitia tindikali, na kasiteriti hupata ngozi ya kijivu yenye kung'aa, ambayo ni bati. Turmalini haipati ngozi hiyo. Lakini tindikali huunguza ngozi na macho. Watoto wasiiguse kamwe. Tena sheria ya nchi yakataza watoto kufanya kazi machimboni, kwa sababu mashimo hubomoka. Kazi ya mtoto ni kujifunza. Siku ile mizani, kikombe na hesabu ya kugawanya viliokoa masomo ya dada.

Amri ya Saba yatukataza kuiba. Anayechanganya turmalini na kasiteriti kwa kusudi, ili gunia lipate uzito, ni mwizi, hata kama hakuvunja mlango wa mtu. Na anayenunua bila kupima hujiibia mwenyewe. Wazee walisema: haraka haraka haina baraka.

Kwa ufupi, kumbukeni alama za turmalini nyeusi:

Umbo: refu, lenye mifereji, likikatwa lina pembe tatu zilizovimba.
Kuvunjika: ovyo, kama makaa.
Ugumu: 7 au zaidi kidogo; hukata kioo.
Unga: mweupe wenye ukijivu.
Sumaku: ile ndogo haiivuti.
Uzito: mara 3,1 hivi kuliko maji, kasiteriti ni mara 7.

Maswali

1. Kwa nini mwenye nyumba hakutaka kutoa mbuzi wake upesi?
2. Turmalini nyeusi imo katika jamaa gani ya madini? Weusi wake hutoka wapi?
3. Kukata kioo hakutoshi kutambua kasiteriti. Eleza sababu.
4. Jiwe jeusi lina gramu 62, nalo limemwaga maji mililita 20. Je, laweza kuwa kasiteriti safi? Fanya hesabu.
5. Jiwe jingine lina gramu 105, nalo limemwaga mililita 15. Wasemaje?
6. Kwa nini Mwalimu hakukubali mtoto amwite mgeni mwongo?

Kazi ya mikono

Okoteni mawe matatu njiani, yasiwe ya machimboni. Yapimeni kwa mizani na kwa kikombe cha maji. Andikeni katika daftari umbo, ugumu, rangi ya unga na uzito wa kila jiwe. Msiandike jina la jiwe mpaka mmemaliza kupima.